Mtoto Anayeziba Masikio

 

Leo nataka tuwazungumzie watu ambao tumezoea kuwahukumu haraka. Karibu kila ukoo hapa Bukavu unaye mmoja. Ni yule mtoto ambaye kwaya ikipamba moto na vipaza sauti vikapandishwa, anaziba masikio na kusogea mlangoni. Ni yule dada anayekunja uso samaki wa sambaza wakiwa bado kwenye beseni, kwa harufu ambayo sisi wengine hatujaisikia. Ni yule baba anayerudi kutoka soko la Kadutu na kutaka kukaa nusu saa bila kusemeshwa. Watu wanamsema. Shangazi anasema anajisikia. Wajomba wanasema ni mwoga. Na siku hizi hawakosekani wanaosema ana pepo, apelekwe akaombewe.

Mimi nasema wengi wa hao hawana kiburi, hawana woga, wala hawana pepo. Wana hisi kali. Si kwamba wamepewa sikio kubwa kuliko letu. Ni ubongo wao unaokaa zaidi na kile kilichopokelewa, unaokichambua, na kwa hiyo unachoka mapema pale mambo yanapokuwa mengi. Na katika mji huu wetu, ambao masikio yake yamepitia mengi, kumkosea mtu wa namna hiyo ni rahisi mno. Ndiyo sababu nimeomba muda wenu leo.

Swali la leo ni kama ukali wa hisi unaendana na tabia. Tuanzie na kwinini, maana hiyo ni mali yetu. Kampuni ya Pharmakina, hapa hapa Bukavu, imefanya kazi miaka mingi ya kutoa kwinini kwenye maganda ya miti ya kinkina iliyopandwa milimani kwetu. Aliyewahi kuinywa anaujua uchungu wake. Lakini je, uchungu huo ni uleule kwa kila ulimi? Sivyo. Kwinini ikiyeyushwa ndani ya maji, kisha maji yakazidishwa hatua kwa hatua, hufika mahali ambapo mtu mmoja atakuambia anakunywa maji matupu, na mwenzake bado anatema. Nyumbani msijaribu, hiyo ni dawa. Katika miaka ya 1960 mtafiti mmoja wa Ohio, Marekani, jina lake Roland Fischer, alikuwa akiwapima watu ndimi kwa kwinini, kisha akajiuliza kama ukali wa ulimi unatembea pamoja na tabia. Mwaka 1967 yeye na wenzake walichapisha katika jarida la Nature kwamba waliona uhusiano kati ya viwili hivyo. Ganda la mti tunaoupanda hapa, basi, limo katika historia ya swali letu la leo.

Wakati huohuo, London, mwanasaikolojia Hans Eysenck alikuwa akieleza jambo la karibu na hilo kwa kutumia limau. Tia matone manne ya limau kwenye ulimi wa mtu, kisha upime mate yaliyotoka. Mtu mkimya, anayependa kukaa na nafsi yake, kwa kawaida alitoa mate mengi kuliko mtu wa makundi na makelele. Eysenck alifikiri kwamba ubongo wa mkimya huwa umeshaamka vya kutosha, hauhitaji kuchochewa zaidi. Wa mchangamfu unasinzia, unatafuta wa kuuamsha. Huo mgawanyo wenyewe wa watu wa ndani na watu wa nje ulikuwa umeenezwa na Carl Jung, daktari wa Uswisi, katika kitabu chake cha mwaka 1921. 

Katika majaribio hayo ya zamani, lipo moja ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu lingefaa kusomwa katika kila shule yetu. Mwaka 1984 mtafiti Russell Geen aliwapa watu kazi ya kujifunza maneno huku masikioni wakisikia kelele. Aliwaachia kwanza wachague wenyewe kiasi cha kelele. Wachangamfu walichagua kubwa, wakimya walichagua ndogo. Na kila mmoja akiwa kwenye kiasi chake, walifanya kazi sawasawa kabisa, hata mapigo ya moyo yalikaribiana. Kisha Geen akabadilisha: mkimya akapewa kelele ya mchangamfu. Hapo akaanza kukosea, na moyo ukaenda mbio. Fikirini sasa darasa la watoto sitini chini ya mabati, mvua ya Novemba inashuka, na mwalimu anapaza sauti ili asikike juu ya mvua. Yupo mtoto ambaye siku hiyo atajibu vibaya swali analolijua vizuri. Tutaandika kwenye karatasi yake kwamba ni mzito wa akili.

Hapa lakini ndipo wengi hupotea, hata waliosoma. Wanachukua hisi kali na ukimya wanavifanya kitu kimoja. Elaine Aron, mwanasaikolojia wa California, pamoja na mumewe Arthur, walilishughulikia jambo hilo mwaka 1997. Walitunga maswali 27: je, kelele kubwa zinakukera? Je, kahawa inakusumbua kuliko wenzako? Je, hisia za watu walio karibu nawe zinakuingia? Je, muziki unakugusa ndani kabisa? Na walichokiona ni kwamba hisi kali ina njia yake. Inapakana na ukimya, inapakana na wepesi wa kuhuzunika, lakini haimezwi na chochote kati ya hivyo. Aron anakadiria kwamba karibu asilimia 30 ya wenye hisi kali ni watu wachangamfu kabisa. Mnawajua. Ni yule mama anayeongoza sherehe ya harusi mpaka saa sita usiku, anacheka na kila mgeni, halafu kesho yake anafunga mlango na kichwa kinamuuma kutwa nzima.

Baadaye watafiti walikusanya matokeo ya tafiti nyingi na kuzipanga kwa zile tabia kuu tano ambazo wanasaikolojia huzitumia kumpima mtu. Mwaka 2019 Francesca Lionetti na wenzake walitoa jibu: kwa watu wazima, hisi kali haifungamani na uchangamfu, haifungamani na upole, haifungamani na bidii ya kazi. Inafungamana na mambo mawili tu. La kwanza, na lenye nguvu zaidi, ni wepesi wa kupata wasiwasi na huzuni. La pili, kwa kiasi kidogo, ni ule uwazi wa moyo unaompeleka mtu kwenye sanaa, fikra na mambo mapya. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, walikuwa wameshaonyesha mwaka 2006 kwa nini hali iko hivyo: ndani ya hisi kali mna sehemu zaidi ya moja. Sehemu ya kukerwa na kulemewa ndiyo inayovuta wasiwasi. Sehemu ya kuonja uzuri wa vitu ndiyo inayovuta uwazi wa moyo. Mtoto yuleyule aliyeziba masikio kwa sababu ya vipaza sauti, muulize kesho yake wimbo ule ulikuwaje. Atakuimbia sauti ya pili ambayo wewe uliyekuwa unapiga makofi hukuisikia kabisa.

Nataka nikae kidogo hapo, maana upande huo hatuusemi. Twendeni kwenye kahawa.

Kahawa ya milima hii, kuanzia Kabare na Kalehe mpaka Minova kwenye ushirika wa SOPACDI, na ile ya kisiwa cha Idjwi, ina adui mmoja anayetusumbua sisi pamoja na majirani zetu wa Rwanda na Burundi. Ni ladha ya kiazi kibichi. Wanasayansi wanaihusisha na kidudu kiitwacho antestia kinachotoboa tunda la mbuni, na kinachonuka ni kemikali za kundi la pirazini. Kemikali hizo pua ya mwanadamu huzinasa hata zikiwa nanogramu chache tu katika lita nzima ya maji. Punje moja iliyoguswa huharibu kikombe kizima, na mara nyingi huwezi kuitambua kwa macho ikiwa mbichi.

Sasa tazameni waonjaji wa kahawa wanavyofanya kazi. Kwa kila sampuli vinapangwa vikombe vitano, kwa sababu kasoro hii inaweza kujificha kwenye kimoja tu. Kahawa inasagwa kikombe kwa kikombe, na mwonjaji anapitisha pua ikiwa bado unga mkavu. Inamwagiwa maji ya moto. Juu panajitengeneza utando. Baada ya dakika nne hivi anainama, pua karibu iguse kikombe, anauvunja utando kwa mgongo wa kijiko na kuvuta harufu inayotoka mara moja tu. Kisha anaonja kwa kuvuta kwa nguvu, ule mfyonzo wenye kelele ambao mezani kwetu mtoto angekaripiwa. Vikombe vinne vinanukia vizuri. Cha tano, anasimama. Anarudi. Anavuta tena. Kinawekwa pembeni.

Chumbani humo hapapigwi redio. Hakuna manukato, na aliyekula vitunguu asubuhi anajulikana. Mwonjaji amefundishwa, sisemi kwamba amezaliwa na kila kitu. Kazi hiyo ni ya mazoezi marefu. Lakini angalieni kwamba hapo yule anayekunja uso kwa harufu ambayo wengine hawaisikii hasemwi kuwa anajisikia. Analipwa. Mnunuzi aliyeko Ulaya anasubiri neno lake, na mkulima wa Kalehe naye analisubiri, maana ndilo linaloamua bei. Dada yenu wa sambaza, ambaye mmemcheka miaka yote hiyo, mlishawahi kumpeleka mahali ambapo pua yake inahitajika?

Basi turudi kwenye masikio, na hapa nitasema polepole, kwa sababu jambo hili ni zito.

Bukavu ina kelele za kila siku: honi za pikipiki pale Essence, jenereta zinazoanza kunguruma umeme wa SNEL unapokatika, muziki wa baa, makanisa matatu kwenye avenyu moja, kila moja na kipaza chake. Lakini masikio ya mji huu yamebeba kelele za namna nyingine pia. Vita vya Oktoba 1996. Vita vya mwanzo wa Juni 2004. Tetemeko la Jumapili asubuhi, tarehe 3 Februari 2008. Vita vya Februari 2025, na ile milipuko ya tarehe 27 kwenye Place de l'Indépendance mbele ya umati. Mtu aliyepita katika hayo akashtuka tairi likipasuka, akajitupa chini watu wakamcheka, huyo si lazima awe amezaliwa na hisi kali. Mwili wake umefundishwa kwamba mlio ni kifo. Unalinda zamu, usiku na mchana, hata hatari ikiwa imepita.

Kwa nje, watu hawa wawili wanafanana kabisa. Wote wanaziba masikio, wote wanataka kukaa karibu na mlango, wote hawalali vizuri. Kwa hiyo mama, ukimwona mwanao hivyo, swali la kwanza la kumuuliza mwenyewe na kujiuliza wewe ni hili: tangu lini? Kama ukikumbuka vizuri alikuwa hivyo tangu yuko mgongoni, akilia ukimpitisha sokoni, akikataa nguo yenye mshono mgumu, basi yaelekea ndivyo alivyo. Mwanasaikolojia Jerome Kagan wa Harvard aliwachunguza watoto wa miezi minne tu: aliwaonyesha vitu vya rangi vinavyoning'inia, akawasikilizisha sauti zilizorekodiwa, akawapitishia puani pamba yenye harufu ya spiriti kidogo. Mtoto mmoja kati ya watano alirusha mikono na miguu na kulia. Wawili kati ya watano walitazama tu wakiwa wametulia. Kagan aliwafuatilia mpaka ujana, na wengi wa wale waliolia walikuwa waangalifu zaidi mbele ya mambo mapya, ingawa wachache tu walibaki na haya ya kupindukia. Watoto wa miezi minne, kumbukeni. Hawajafundishwa kiburi na mtu, wala hawajapigana vita.

Lakini kama mtoto alikuwa anacheza katikati ya kelele bila shida, kisha tangu usiku fulani unaoujua akabadilika, anaota ndoto za kutisha, anakwepa njia fulani, analowanisha kitanda wakati alishaacha, huyo ameumia. Na jeraha hilo linatibika. Nalisema kwa uhakika kwa sababu lilipimwa hapa mashariki mwa Kongo. Wanawake walionusurika ukatili wa kingono, katika vijiji vyetu, walipewa tiba ya mazungumzo katika vikundi, ikiongozwa na wasaidizi wa hapa hapa waliofundishwa, na wengine wakapewa msaada wa mtu mmoja mmoja. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013. Miezi sita baada ya tiba, katika vikundi walibaki asilimia 9 wenye dalili za unyong'onyevu mzito au wasiwasi. Upande wa pili walikuwa asilimia 42. Hospitali ya Panzi, aliyoianzisha Dakta Denis Mukwege mwaka 1999, ina watu wa kazi hiyo. SOSAME, kituo cha afya ya akili cha mji wetu, wanacho kitengo chao. Kwenda huko hakumfanyi mtu kuwa kichaa.

Yupo na mtoto wa tatu, nimtaje ingawa kwa ufupi. Anaziba masikio, lakini pia hakutazami usoni, amechelewa kusema, anarudiarudia mchezo mmoja siku nzima. Huyo mpelekeni kwa daktari amchunguze usonji, na mapema.

Naweza kuwasikia mnaouliza: basi huyu aliyezaliwa na hisi kali tumfanyeje, tumzoeshe? Wapo wazazi wanaomsukuma makusudi katikati ya vipaza ili awe mgumu. Naelewa nia yao. Maisha ya hapa ni magumu, na mzazi anaogopa mtoto laini hatafika. Lakini ushahidi unaelekeza upande mwingine. Watafiti Michael Pluess na Ilona Boniwell waliwafuatilia wasichana wa shule katika eneo maskini la mashariki mwa London, waliofundishwa darasani namna ya kukabiliana na huzuni na misukosuko. Matokeo yao ya mwaka 2015 yanashangaza: wasichana wenye hisi kali ndio walionufaika, huzuni ikapungua na nafuu ikadumu mpaka mwaka mmoja baadaye. Wenye hisi hafifu hawakuonyesha mabadiliko. Na mafundisho yalikuwa yaleyale.

Hilo lina maana kubwa kwetu. Mtoto huyu ndiye ambaye nyumba yenye ugomvi humharibu upesi kuliko ndugu zake, na ndiye ambaye neno jema la mwalimu humwinua kuliko ndugu zake. Ukimpiga kwa kuziba masikio, kiboko kinaingia mara mbili. Ukimketisha dakika kumi ukamweleza kwa upole, maneno yako nayo yanaingia mara mbili. Kwa nyumba isiyo na pesa za kupoteza, sijui uwekezaji ulio nafuu kuliko huo.

Kwa hiyo, walimu, msimketishe chini ya spika wala kwenye dawati la katikati lililobanwa pande zote. Karibu na dirisha panatosha. Mvua ikipiga mabati, andikeni swali ubaoni badala ya kulipaza. Akina baba, mtu akirudi kutoka kazini akataka ukimya kidogo kabla ya habari za nyumba, hajamchukia mtu. Na mkeo naye akitaka ukimya huo, mpe. Akina bibi, mnaowajua wajukuu kuliko wazazi wao, waambieni wazazi mlichokiona walipokuwa wachanga, maana hilo swali la tangu lini ni ninyi mnaoweza kulijibu.

Na ninyi wachungaji na wakuu wa kwaya, wengi wenu ni wasikilizaji wetu waaminifu, nawaomba jambo moja lisilogharimu faranga hata moja. Geuzeni spika ziwaelekee waumini walioko ndani, ziache kuelekea barabarani, na punguzeni sauti kidogo kwenye benchi za nyuma karibu na mlango. Waacheni wanaotaka kukaa hapo wakae, bila kuwaita mbele na bila kuwaombea mbele ya watu. Wamekuja kusali, na pale nyuma wanasikia kila neno.